Uliza Mzee wa Studio: Upanga, kioo na kanzu yangu nyeupe

Barua za mwezi huu zimenirudisha Ngomeni, yaani Fort Jesus, Mombasa. Toleo lililopita niligusia kwa mistari miwili tu kwamba kazi iliyonitoa jasho kuliko zote katika miaka yangu ya studio si bi harusi aliyelia hadi wanja ukamfika kidevuni, ni jambia lililofungiwa ndani ya kabati la kioo. Sikujua kama nimechokoza nyuki. Nimezichagua hizi, waliouliza mambo yanayofanana watajiona humu humu.

Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa historia, Kisauni. Niliwapeleka wanafunzi wangu Fort Jesus, tukaingia ile Nyumba ya Waomani, nikapiga picha za silaha kwa simu ili nikazitumie darasani. Nilipofika nyumbani naona taa za dari, uso wangu, na mtoto mmoja anacheka nyuma yangu. Silaha yenyewe haionekani. Nikirudi nifanyeje?

Marahaba, mwalimu. Usione haya. Mara yangu ya kwanza kupiga picha silaha za makumbusho nilikwenda Ijumaa, nikitoka msikitini moja kwa moja, na kanzu yangu nyeupe imepigwa pasi na kutiwa wanga. Nilikuwa na kamera nzuri, tena ya filamu, roli mbili nzima. Nilipozisafisha usiku ule niliona ajabu: kila upanga umepitiwa katikati na mzuka mweupe usio na kichwa. Mzuka ni mimi. Mke wangu alizitazama akaniuliza kama hizo ni picha za silaha au za mazishi.

Kioo hurudisha kitu chochote chenye mwanga kuliko kile kilicho nyuma yake. Kabati la makumbusho huwa na giza kidogo, na wewe umesimama mbele yake na shati jeupe, dirisha liko mgongoni, simu inamulika uso wako. Kioo kitakuchagua wewe. Kwa hiyo dawa ya kwanza haiuzwi dukani: vaa nguo nyeusi. Ya pili, tafuta kitambaa cheusi kikubwa. Mimi natumia buibui kuukuu la mke wangu. Nalishika kwa mkono wa kushoto nyuma ya kamera, au namwomba kijana alinyanyue nyuma yangu kama pazia, na ule mwanga wa dirishani unakatika palepale. Watu watakutazama. Waache watazame.

Ya tatu ni kusogea. Wengi husimama hatua mbili nyuma ya kabati ili upanga wote uingie kwenye picha, na katika nafasi ile ya hatua mbili ndipo taa zote za chumba hupata mlango. Sogeza simu mpaka ikaribie kabisa kuugusa uso wa kioo. Nimesema ikaribie. Kabla ya kugusa, muulize askari wa chumba, kwa sababu makabati mengine yana king'ora na mengine ni ya zamani hata kioo chake kinacheza ukikipumulia. Ukiruhusiwa, weka mpira laini au hata kidole chako baina ya simu na kioo ili isikwaruze. Kumbuka na saa yako ya mkononi. Mimi niliwahi kukigonga kioo kwa saa, tena sauti ndogo tu, lakini chumba kizima kiligeuka, nikajiona kama mwizi.

Kama unatumia kamera yenye lenzi ya kubadilisha, kuna filta ya polaraiza, ile inayozungushwa mbele ya lenzi. Inasaidia, ila si kwa namna watu wanavyodhani. Ukisimama uso kwa uso na kioo haikusaidii kitu. Inafanya kazi ukisimama upande, karibu nyuzi 34 kutoka kwenye uso wa kioo, yaani upande hasa, kama mtu anayechungulia chumba cha jirani. Zungusha polepole na utauona mng'aro unazama. Lakini ule mng'aro wa chuma chenyewe, wa bapa la upanga au fedha ya mpini, filta haiuondoi. Mng'aro wa chuma ni wa tabia nyingine, na kwa huo utahama wewe: hatua moja kushoto, goti moja chini, mpaka taa itoke kwenye makali.

Usitumie ile lenzi pana ya simu. Inavuta ncha za upanga hadi unaonekana kama umepinda kwa moto. Tumia ile ya kukuza mara mbili. Kisha gusa kwenye skrini pale penye fedha inayong'aa sana, na uvute mwanga chini hadi nakshi zionekane. Picha itakuwa nyeusi nyeusi kidogo. Hiyo utaiinua nyumbani. Fedha iliyoungua ikawa doa jeupe hairudi tena hata ukaajiri fundi wa Dubai. Na ukiona mistari ya giza inapita kwenye picha kama mawimbi, hizo ni taa za umeme zinapepesa. Ukiweza kuweka kasi mwenyewe, jaribu 1/50 au 1/100, maana umeme wetu hupiga mara 50 kwa sekunde.

Hayo ni ya ufundi. Sasa nikuambie lile ambalo ningependa ulichukue zaidi, kwa kuwa wewe ni mwalimu. Usihangaike na upanga mzima. Upanga mzima upo kwenye kadi za posta, umepigwa vizuri kuliko utakavyopiga wewe na mimi. Piga pale mkono uliposhika. Tazama mpini wa upanga mrefu wa Kiomani, ule ulionyooka, wenye makali pande mbili na usio na kinga ya vidole. Mpini wake ni kama bomba, umefungwa ngozi na mara nyingi nyuzi za fedha. Utaona sehemu moja nyuzi zimelala, zimekatika, ngozi imekuwa nyeusi na laini kama kiti cha baiskeli. Hapo ndipo palipokuwa na kiganja cha mtu. Nenda kwenye mdomo wa ala, pale dole gumba linaposukuma silaha ikichomolewa, utakuta fedha imelika upande mmoja tu. Tazama pete za kufungia mshipi. Ile inayobeba uzito huwa nyembamba kuliko wenzake. Mtoto wa darasa lako hatakumbuka kwamba Wareno walianza kuijenga ngome ile mwaka 1593, na kwamba Waomani waliitwaa Desemba 1698 baada ya kuizingira tangu Machi 1696. Lakini mwonyeshe alama ya dole gumba kwenye fedha, umwambie akisie mwenye silaha alikuwa anatumia mkono gani. Ataongea jambo hilo hadi kwao.

Na piga kibandiko cha maelezo. Kila silaha, picha ya kwanza iwe ya kibandiko chake. Mimi nina picha 112 za ziara moja ambazo mpaka leo sijui lipi ni lipi. Zimekaa kwenye kasha, zinanitazama.

Jambo la mwisho kwako, mwalimu: kabla ya simu kutoka mfukoni, wape watoto penseli na dakika kumi wachore kitu kimoja. Atakayechora ndiye atakayekuonyesha wewe nini cha kupiga.

Mzee, mimi niko Tanga. Nilipiga flashi kwenye makumbusho moja, askari akanifokea mbele za watu kama nimeiba. Flashi inaharibu chuma kweli au wanatuonea tu?

Pole kwa kufokewa. Chuma hakiumii kwa flashi, hapo una haki. Lakini silaha si chuma pekee. Kuna ngozi iliyotiwa rangi, mahameli ndani ya ala, mshipi uliodariziwa, manyoya kwenye mkuki, ngao ya ngozi. Watu wa makumbusho huwasha taa kwa kipimo kiitwacho laksi: vitambaa, manyoya na rangi hupewa kama laksi 50, ngozi na mbao kama 200, chuma huvumilia zaidi. Mwanga ukishaitafuna rangi, hairudi tena, na madhara yake hujumlishwa, kila siku kidogo. Flashi yako moja ni tone. Askari anawaza kundi zima la wageni wa siku ile.

Ila hata sheria isingekuwepo nisingekushauri uiwashe. Flashi ikipiga kioo cha mbele inakurudia yote, na ikipiga bapa la upanga inakupa mstari mmoja mweupe na giza pembeni. Zima flashi kabla hujaingia mlangoni. Simu nyingi huiwasha zenyewe zikiona giza, na nadhani ndicho kilichokukuta.

Assalaam alaykum. Ninaandika kutoka Muscat. Wazee wangu walitoka Unguja, na nyumbani bado tunasema Kiswahili. Marehemu babu ametuachia hanjari ya fedha, lile jambia letu la Kiomani. Mjomba anasema ni ya Saidi, mama anasema ni ya mji wa Nizwa. Nataka kuilinganisha na zile za Makumbusho ya Taifa. Nipige picha gani, na nitazame nini?

Wa alaykum salaam, mwanangu. Una bahati ya mahali ulipo, kwa kuwa Makumbusho ya Taifa ya Oman, yaliyofunguliwa mwaka 2016 mkabala na kasri la Al Alam, yana ukumbi mzima wa silaha, na hapo Muscat kuna pia Bait Al Zubair, iliyofunguliwa 1998, ambako hanjari ni moja ya vitu vyake vikubwa. Kanuni za kupiga picha ziulize mlangoni siku hiyo hiyo, usitegemee alichokuambia binamu yako aliyekwenda mwaka juzi.

Baba yangu mdogo alikuwa sonara Mji wa Kale. Mtu akimletea hanjari, hakuitazama usoni. Aliigeuza mgongo kwanza. Mbele, alikuwa akisema, kila fundi anajipamba. Nyuma ndiko alikoharakisha. Nyuma ya ala utaona ngozi, utaona kama mshono ni wa asili au umerudiwa, utaona fedha ilikofungwa na kufunguliwa. Basi picha yako ya kwanza iwe ya mgongo.

Kisha hesabu pete. Hanjari nyingi za Oman zina pete nne kwenye ala. Zenye pete saba ndizo zinazohesabiwa za Saidi, kwa jina la ukoo wa kifalme. Mpini nao unasema: ule wa Saidi una umbo lake la pambo, ambalo husimuliwa kwamba lilibuniwa na mmoja wa wake za Sayyid Said, yule aliyehamishia makao yake Unguja na kufariki 1856. Ile ya kawaida ina kichwa kilichonyooka kama herufi T. Za Nizwa, za Sur na za Batina zina tofauti zake katika ukubwa, mkunjo wa ala na wingi wa fedha, na hizo hutazijua kwa barua yangu, utazijua kwa kuweka picha zako kando ya kabati na kulinganisha. Kwa hiyo piga nyumbani kwanza, kwenye shuka la kijivu karibu na dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja, weka na rula pembeni ili ukubwa ujulikane. Usipige kwenye zulia la maua. Nimeona hanjari nzuri mno zikipotea ndani ya zulia.

Inawezekana pia mjomba na mama wote wana haki. Mpini hubadilishwa, ala hurithiwa na bapa jipya, mtu anaoa, anaongeza fedha. Sonara aliwahi kunionyesha hanjari moja yenye mpini wa baba, ala ya babu na bapa ambalo mwenyewe alilinunua sokoni. Aliyeileta alikuwa anaapa kwamba ni ya mtu mmoja.

Mambo matatu zaidi, na hapa sicheki. Usiisugue kwa ndimu wala ukwaju ili ing'ae kwa picha. Najua bibi zetu walisafishia hivyo sinia, lakini ule weusi uliokaa ndani ya nakshi ndio unaoyafanya maua yaonekane, na ukiuondoa umeondoa miaka. Kama mpini unahisi ni wa pembe ya kifaru, usiuvushe mpaka wowote kabla ya kuwauliza wahusika, maana biashara ya pembe ya kifaru baina ya nchi na nchi imepigwa marufuku, na afisa wa forodha hatasikiliza habari za marehemu babu. Na ukituma picha kwenye makundi ya simu, zima kwanza ile huduma inayoandika mahali picha ilipopigwa. Sina haja ya kueleza kwa nini.

Ukifika ukumbini usikimbilie ile yenye dhahabu. Hanjari iko kwenye bendera ya nchi yako juu ya panga mbili zilizopishana, na ufundi wake uliingizwa kwenye orodha ya urithi ya UNESCO mwaka 2022. Picha zake hazitakosekana kamwe. Zinazokosekana ni za hanjari za watu wa kawaida, zilizofungwa waya pale zilipovunjika. Ukiiona hiyo, nipigie picha, uniletee.

Mzee wa Studio, mimi ni mvuvi, Likoni. Kuna mzinga wa zamani mbele ya jengo moja, una taji, herufi GR, na nyuma nambari 5-2-14. Wenzangu wanasema ni tarehe, yaani tarehe 5 mwezi wa pili mwaka 14. Ni kweli? Na nikiupiga picha maandishi hayaonekani, ni kutu tupu.

Barua hii niliisoma mara mbili kwa raha. Si tarehe, ndugu yangu. Ni uzito.

Waingereza walikuwa wakichonga uzito wa mzinga karibu na kitako chake kwa tarakimu tatu. Ya kwanza ni mizani mikubwa ya ratili 112. Ya pili ni robo za mizani hiyo, kila robo ratili 28. Ya tatu ni ratili zilizobaki. Basi hesabu nami: 5 mara 112 ni 560; 2 mara 28 ni 56; ongeza 14. Jumla ratili 630, karibu kilo 286. Huo ni mzinga mdogo, wa kubebwa na jahazi au kulinda lango. Taji na GR ni alama ya mfalme George wa Uingereza. Walitawala George wanne mfululizo, kuanzia 1714 hadi 1830, na ukiona tarakimu ndogo 3 katikati ya herufi ni yule wa tatu, 1760 hadi 1820. Mizinga ya Kireno ina alama yake nyingine, ngao tano ndogo ndani ya ngao, na wakati mwingine tufe la pete kama lile la wanajimu.

Sasa picha. Ulikwenda saa ngapi? Nadhani saa sita, jua likiwa utosini. Maandishi ya chuma husomeka kwa kivuli chake, na jua la utosini halina kivuli. Nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, au jioni kabla ya magharibi, jua likija ubavuni. Utaona tarakimu zinainuka zenyewe kutoka kwenye kutu, mpaka utashangaa jana zilikuwa wapi. Kama mzinga umegeukia upande usiopata jua la chini, subiri giza, chukua tochi, iweke chini kabisa kandokando ya chuma, isogeze polepole huku mwenzako ameshika simu. Wakati mmoja tochi itafika mahali pake na taji litajitokeza hadi vito vyake. Namna hii hii hutumika ndani ya makumbusho kwa alama ndogo za mafundi kwenye panga. Panga nyingi za Kiomani zina bapa lililotoka Ulaya, na baadhi zimechongwa mnyama mdogo anayekimbia, mistari michache tu kama mtoto amechora: huyo ni mbwa mwitu, alama ya wafua panga wa Ujerumani, wa Passau na Solingen. Taa ikitoka mbele humwoni. Ikitoka ubavuni anakimbia.

Ninakuomba sana usijaze tarakimu kwa chaki, wala usisugue kutu kwa msasa wala mafuta ya breki. Nimeona watu wanafanya hivyo ili picha itoke. Chaki huvuta unyevu na kukaa kwenye vitundu, na hewa yetu hii ya chumvi haihitaji msaada. Usimkalishe mtoto juu yake pia.

Ukija upande wa kisiwani siku moja, pita Ngomeni uitazame mizinga miwili ya meli iliyopo pale. Mmoja ni wa Königsberg, manowari ya Kijerumani, na mwingine ni wa Pegasus, ya Kiingereza. Septemba 1914 Königsberg iliikuta Pegasus bandarini Unguja ikitengenezwa injini, ikaizamisha. Julai 1915 Königsberg nayo ikaangamia katika mikono ya mto Rufiji, lakini Wajerumani waliitoa mizinga yake kumi ya milimita 105, wakaiburura nchi kavu na kuipigania vita vya bara. Nimewapiga picha wote wawili mara nyingi, sijapata bado niipendayo. Chuma kinene namna ile kina kiburi. Nadhani siri ni kuvizia mvua: chuma kikiwa kimelowa na wingu limefunika, kila riveti inaonekana. Wewe ni mvuvi, mawingu unayajua kuliko mimi. Ukiona siku kama hiyo nitumie ujumbe.

Kamwene mzee. Niko Iringa. Nitawapeleka wageni Kalenga kwenye makumbusho ya Mtwa Mkwawa. Silaha nitapiga. Je, fuvu?

Kamwene. Mimi sikupiga.

Nilikwenda miaka mingi iliyopita na kamera begani, nikapiga mikuki na ngao kwa ruhusa ya aliyetuongoza, nikafika mbele ya fuvu nikaifunika lenzi. Si kwa sababu ya sheria yoyote. Ukiuliza huenda ukaruhusiwa, na uulize. Lakini huyo ni mtu aliyewapiga Wajerumani Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, akaishi msituni akiwindwa hadi Julai 1898 alipojiua asikamatwe, na kichwa chake kikabebwa mbali na watu wake na kutajwa hadi kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919 kabla ya kurudishwa 1954. Niliona ameshatazamwa vya kutosha na wageni. Wageni wako waambie hivyo kabla hawajashuka kwenye gari, kisha kila mtu aamue na nafsi yake.

Mikuki yenyewe ni mirefu mno kwa picha moja. Piga pale chuma kinapoingia kwenye mti, na uone kama kimefungwa kwa ngozi au kimepigwa kikakaza.

Mimi ni mwanafunzi, Oxford. Hapa kuna makumbusho ya Pitt Rivers, yana silaha nyingi sana za kwetu lakini ndani ni giza na makabati yamesongamana. Nitapigaje?

Kwa tochi, mwanangu, waulize wenyewe kama wanaziazimisha. Makumbusho yale yalianzishwa 1884 na vitu vimepangwa kwa aina, si kwa nchi. Silaha ziko roshani ya juu, na utakuta mkuki wa Afrika Mashariki umelala ubavuni mwa mkuki wa visiwa vya Pasifiki kama wasafiri wa treni moja. Usimulike mbele, mulika kutoka pembeni, chini kidogo, kama nilivyomweleza yule bwana wa Likoni. Na vile vibandiko vidogo vilivyoandikwa kwa kalamu ya wino, vingine vimefungwa kwa uzi kwenye silaha yenyewe, vipige vyote. Mara nyingine huyo aliyeandika ameandika jina la mahali vibaya, na wewe unayejua Kiswahili utalitambua palepale. Ukilitambua, waandikie.

Mzee, nataka kuanza kazi hii. Ninunue kamera gani?

Usinunue. Nenda Marikiti ununue mita mbili za kitambaa cheusi kisichong'aa, uje Ngomeni na simu uliyo nayo. Nilitaka kukuazima buibui langu, lakini mwenyewe ameliona kwenye picha ya toleo lililopita, ameniuliza lilipotelea lini, na mpaka naandika haya sijampa jibu.